Silaha Kiunoni ni Amana



Kijana mmoja tuliyemsomesha chuoni petu tangu alifu mpaka akakhitimu, leo ni baba wa watoto watatu katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Ana duka dogo la vyakula: unga, mchele, viungo na nyama ya halali. Usiku mmoja mwenye duka jirani yake alitishwa kwa bastola akaporwa mapato ya siku nzima. Asubuhi yake mwanafunzi wetu alituandikia: "Shikamoo Maalim. Nataka kununua bastola niwe natembea nayo kila siku chini ya shati. Mama watoto hataki. Nifanye nini? Na ikiwa ni kununua, ninunue ipi?"

Tulipoisoma barua ile, ulimi ulitaka kumjibu kwa neno moja tu: Usinunue. Lakini tulijizuia. Neno hilo ni jepesi kwa mtu aliyekaa barazani kwake pwani, ambako mlinzi wa mtaa hubeba rungu. Si jepesi kwa mtu anayefunga duka peke yake saa nne ya usiku, katika nchi ambayo mwizi naye aweza kuwa na bastola. Wala khofu ya ndugu zetu wa ughaibuni si ya kupuuzwa. Tarehe 29 Januari 2017 watu 6 waliuawa kwa risasi msikitini katika mji wa Quebec, nchini Kanada. Na tarehe 15 Machi 2019 watu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa.

Basi tukamwambia: "Tupe muda, na wewe usinunue kitu mpaka tuzungumze." Sisi tukauliza wajuao na tukasoma, yeye akajiandikisha kwa mwalimu wa silaha, akawa anatuletea khabari ya kila alilojifunza. Haya tunayoyaandika ni matunda ya mazungumzo ya mwaka mzima. Tunayaandika kwa sababu nyumba nyingi za wasomaji wetu zina mtoto au ndugu aliyeko huko, na swali hili litafika kama bado halijafika.

SHERIA KABLA YA CHUMA

Kwetu Tanzania, na kwa jirani zetu wa Kenya, raia hamiliki bastola ila kwa leseni ya serikali. Marekani mambo yamekwenda njia nyingine. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilitunga sheria kwamba mtu aliyetimiza masharti hawezi kunyimwa kibali cha kubeba silaha iliyofichwa. Majimbo mengi yakafuata, na mwaka 2013 Illinois likawa la mwisho kufungua mlango wa vibali hivyo. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka New York, iliamua kwamba kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujilinda ni haki iliyomo katika katiba. Siku kumi kabla ya hapo, tarehe 13 Juni 2022, Ohio ilikuwa imekwisha kuondoa sharti la kibali: mtu mwenye miaka 21 au zaidi, ambaye sheria haimkatazi silaha, aweza kuibeba chini ya nguo bila ya kwenda kwa sherifu.

Asiyejua husikia maneno haya akadhani mlango u wazi kabisa. Kwa hakika mlango huo una vizingiti vingi, na wageni ndio wanaojikwaa zaidi.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza silaha aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, na aliyepatikana na hatia ya kumpiga mkewe au mtu wa nyumbani kwake. Inamkataza pia, isipokuwa kwa masharti machache, mgeni aliyeingia kwa viza ya muda. Kwa hiyo kijana aliyekwenda kusoma chuo kikuu asiliguse kabisa jambo hili. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Lakini na ajue kwamba akihukumiwa kwa kosa la silaha aweza kuondoshwa nchini, akaacha duka, mke na watoto.

Tena sheria hubadilika mtu avukapo mpaka wa jimbo. Mwaka 2013 mama mmoja mwenye kibali halali cha Pennsylvania aliingia New Jersey na bastola yake. Aliposimamishwa na polisi barabarani, yeye mwenyewe akasema kwamba anayo, akidhani kibali chake kinafaa kote. Alikamatwa akashitakiwa, na kifungo cha miaka kikawa mbele yake. Gavana alimsamehe mwaka 2015. Mama huyo hakumdhuru mtu yeyote. Alivuka mpaka tu.

Na ndani ya jimbo lenyewe kuna mahali palipokatazwa. Huko Ohio mtu haingii na bastola mahakamani wala maeneo ya shule, wala haingii nayo msikitini, kanisani au sinagogi ila wenye mahali hapo wawe wameruhusu. Aidha, sheria ya Ohio hairuhusu kuua kwa ajili ya kuokoa mali peke yake. Tulimsisitizia sana mwanafunzi wetu jambo hili, maana alikuwa akisema "fedha zangu" kila alipotaja bastola. Tukamwambia: mfuko wa fedha mwache mwizi aende nao. Silaha ni kwa ajili ya roho, pale ambapo hakuna njia nyingine iliyosalia.

Kuna na jambo la nne, ambalo mtu mweusi hana budi kulijua kabla ya mengine. Tarehe 6 Julai 2016, katika jimbo la Minnesota, Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni katika shule, alisimamishwa garini na polisi. Alikuwa na kibali. Alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, na punde kidogo akapigwa risasi akafa, mchumba wake akiwa ubavuni na mtoto mdogo nyuma. Askari yule alishitakiwa, na mwaka 2017 akaachiwa huru na baraza la mahakama. Hatuyasemi haya ili kuchochea chuki. Twayasema ili mtu ajue kwamba bastola anayoibeba kwa ajili ya mwizi itakuwa kiunoni pia siku atakapokutana na polisi. Mwalimu wake alimfundisha hivi: simamisha gari, washa taa ya ndani, weka mikono miwili juu ya usukani, ukiulizwa jibu kweli, na usipeleke mkono popote mpaka uambiwe.

UCHAGUZI WA BASTOLA

Alipokwisha kujua haya, na bado akataka, ndipo tulipofika kwenye swali lake la kwanza: ipi?

Watu wengi hudhani uchaguzi ni wa nguvu, kwamba risasi kubwa ndiyo bora. Historia ya askari wa upelelezi wa Marekani, yaani FBI, ina mafunzo. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, askari wao 8 walipambana na majambazi 2. Askari 2 waliuawa na 5 wakajeruhiwa. Baada ya msiba huo walitafuta risasi zenye nguvu zaidi, na kwa miaka mingi wakatumia ukubwa unaoitwa pointi 40. Lakini bastola zenye nguvu zaidi hupiga teke zaidi, na anayepigwa teke hukawia kurudi kwenye shabaha. Risasi nazo zilikuwa zimetengenezwa vizuri kuliko zamani. Mwisho wake walirudi kwenye milimita 9, na mwaka 2016 wakatoa mkataba wa kununua bastola za ukubwa huo kutoka Glock. Ikiwa waliofundishwa kazi hiyo walirudi kwenye kile wanachoweza kukidhibiti, seuze mwenye duka?

Wengine hudhani uchaguzi ni wa udogo, kwamba kilicho kidogo ndicho chepesi. Mwanafunzi wetu alikuwa miongoni mwao. Zipo bastola za kutia mfukoni, kama vile Ruger LCP iliyotoka mwaka 2008, ambayo uzito wake bila risasi ni karibu gramu 270. Alikodi bastola ya jamii hiyo ya mfukoni kwenye uwanja wa shabaha, akapiga risasi ishirini, kiganja kikamuuma na karatasi ikatoboka huku na huku. Hapo akafahamu jambo ambalo kila mwalimu wa silaha hulisema: bastola kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo ilivyo rahisi kuificha, na ndivyo ilivyo ngumu kuipiga. Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na kwa kuwa chuma ni chepesi teke lote huingia mkononi.

Kati ya ncha hizi mbili kuna bastola za wastani. SIG P365, iliyotoka mwaka 2018, ina uzito wa karibu gramu 500 na hubeba risasi 10 katika magazini yake ya kwanza. Glock 19 ni kubwa kidogo, karibu gramu 600, na magazini yake ya kawaida ni ya risasi 15. Zipo pia rivolva ndogo za risasi 5, kama zile za Smith & Wesson. Rivolva haina sehemu ya juu ya kuvuta nyuma ili kupakia risasi, na hili huwafaa wenye vidole dhaifu au wagonjwa wa viungo. Lakini kifyatulio chake ni kizito kuvuta, na mtutu mfupi hauwasamehe wasiofanya mazoezi.

Hatumwambii mtu nunua hii au ile. Tunasema mambo manne ya kupima, kila mtu kwa mkono wake mwenyewe. La kwanza, kiganja kiujaze mpini, na kidole kifike kwenye kifyatulio bila ya kupinda kifundo cha mkono. La pili, aweze kuvuta sehemu ya juu nyuma mara kumi mfululizo bila ya kuhangaika. La tatu, aikodi na kuipiga kabla ya kuinunua, kwani bastola iliyomo ndani ya kabati la kioo haipigi teke. La nne, akiisha kuinunua, apige kwayo risasi zisizopungua 200, zikiwemo za aina ile ile atakayobeba, na isikwame. Ikikwama-kwama na irudi kwa fundi, haijastahiki kuaminiwa.

ALA YAKE

Mtu atatumia wiki tatu kuchagua bastola, kisha akaitia mfukoni pamoja na funguo. Hili ni kosa kubwa. Ala ya bastola si pambo. Ala njema hufunika kifyatulio chote kwa kitu kigumu kisichopinda, huishika bastola hata mwenyewe akiinama au akikimbia, na mdomo wake hubaki wazi bastola inapotoka, ili irudishwe kwa mkono mmoja. Ala ya kitambaa laini iliyochakaa yaweza kujikunja, ikaingia penye kifyatulio wakati wa kuirudisha bastola, na mtu akajipiga paja.

Jambo hili si geni kwetu sisi. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza watu kupeana upanga uliotolewa alani. Amekataza pia mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata akiwa wa baba mmoja na mama mmoja, kwa kuwa hajui mkono utateleza lini. Na apitaye msikitini au sokoni na mishale, ameamrishwa azishike ncha zake asije akamdhuru mtu. Jeff Cooper, Mmarekani aliyefungua shule ya bastola katika jimbo la Arizona mwaka 1976, alikusanya kanuni nne ambazo hufundishwa mpaka leo: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha kulenga, na uijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mwanafunzi wetu alipotusomea kanuni hizi tulicheka kwa furaha, kwani sehemu kubwa yake alikwisha kuisikia chuoni akiwa na miaka tisa, katika somo la mishale.

Ala na mavazi ni kitu kimoja. Anayevaa shati lililochomekwa hawezi kuficha anachoficha mwenye shati refu. Na mwenye kanzu hawezi kuufikia ukanda wake kwa haraka hata kidogo. Msomaji atajua pia kwamba rukuu na sijida huifunua silaha, na huibana tumboni. Siku ya Ijumaa mwanafunzi wetu huiacha nyumbani imefungwa. Wala haiachi garini chini ya kiti, kwa kuwa magari huvunjwa, na bastola iliyoibwa humwendea yule yule mwizi tunayemkhofu.

MAZOEZI NI KAMA MURAJAA

Tumesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Tumeona mtoto akihifadhi juzuu tatu kwa mwaka, kisha akaacha murajaa miezi mitatu tu, akaja mbele yetu anababaika katika sura fupi. Mkono nao husahau kama ulimi.

Msomaji asidhani kulenga mtu anayekukimbilia ni kama kulenga karatasi. Taasisi ya RAND ilichunguza polisi wa mji wa New York, na katika ripoti yake ya mwaka 2008 ilieleza kwamba kati ya mwaka 1998 na 2006, katika mapambano ya kurushiana risasi, wastani wa risasi zilizompata mlengwa ulikuwa 18 katika kila 100. Zilizobaki zilikwenda kwingine. Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State katika mji huo huo, askari wawili walimpiga muuaji mwenye bastola. Walifyatua risasi 16, na wapita njia 9 wakajeruhiwa kwa risasi hizo au kwa vipande vyake. Hao ni askari waliofundishwa. Mbebaji bastola asiyefanya mazoezi ni khatari kwa watu wa mtaa wake kuliko mwizi.

Mazoezi ni ya namna mbili. Ya kwanza ni makavu, yaani bila ya risasi, nyumbani. Mwalimu wake alimpa utaratibu huu. Toa magazini, tazama ndani ya chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole, risasi zote zipelekwe chumba kingine, watoto wasiwemo, shabaha ibandikwe kwenye ukuta ambao ungeweza kuizuia risasi lau ingetoka. Kisha, taratibu: mkono wa kushoto unainua shati juu, wa kulia unaushika mpini barabara, bastola inatoka na kuelekea mbele, mikono miwili inakutana kifuani, inasukumwa mbele, jicho linatafuta alama ya kulengea. Wakati wote kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola. Ndipo kifyatulio kinavutwa polepole, bila ya alama kutikisika. Dakika kumi zatosha, mara tatu kwa wiki. Zikiisha, mtu aseme kwa sauti, "Nimemaliza," aifungie, wala asirudi kwa "mara moja tu ya mwisho", hasa akiisha kuitia risasi.

Haraka haitafutwi, huja yenyewe, kama vile mtoto anayesoma kwa kuhakiki herufi hatimaye husoma upesi, na aliyeanza kwa upesi hubaki na makosa yake mpaka uzeeni.

Namna ya pili ni uwanjani kwa risasi za kweli, angalau mara moja kwa mwezi. Mwanafunzi wetu hupiga risasi 50 tu, lakini kwa hesabu: kumi kwa umbali wa mita 3, ishirini kwa mita 5, ishirini kwa mita 7, na shabaha yake ni karatasi ya ukubwa wa sahani. Huandika daftarini ngapi zimeingia. Huvaa vizibo vya masikio, kwa kuwa mlio wa bastola hupita desibeli 140 na huua usikivu. Na miwani ya kukinga macho. Akimaliza hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na hubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, kwani vumbi la risasi lina madini ya plumbi ambayo ni sumu kwa watoto.

NYUMBANI

Mama watoto alikuwa na haki ya kukhofu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto huko Marekani. Waliouliwa na wengine ni 20,958. Waliojiua wenyewe ni 26,328, yaani zaidi ya nusu. Basi silaha iliyoingia nyumbani isihesabiwe dhidi ya mwizi tu. Ihesabiwe pia dhidi ya mtoto mdadisi, na dhidi ya huzuni ya mtu wa nyumbani usiku wa manane. Penye mtu aliyevunjika moyo, silaha itoke nyumbani mpaka apone. Na katika nyumba yenye watoto, bastola ina mahali pawili tu: mwilini mwa mwenyewe, ndani ya ala, au ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa. Juu ya kabati si mahali. Chini ya mto si mahali.

Mama huyo alikubali kwa sharti moja, na sisi tulilipenda sharti lake kuliko nasaha zetu zote. Alimwambia mumewe: "Mwezi usiofanya mazoezi, bastola haitoki kisandukuni."

LILILOTOKEA

Alibeba silaha ile miezi saba bila ya kuigusa ila kwa mazoezi. Usiku mmoja wa baridi alifunga duka, akawa anavuka uwanja wa magari. Akasikia mtu anakimbia nyuma yake, nyayo za haraka gizani. Akageuka. Kijana mrefu, kofia ya koti imefunika uso, anamjia moja kwa moja. Mkono wake wa kushoto ulikwisha kuinua shati. Wa kulia ulikwisha kuushika mpini.

Ndipo alipokumbuka lile ambalo mwalimu wake alilirudia kuliko yote: tazama mikono kwanza. Akatazama mikono ya yule kijana. Ilikuwa imekumbatia mfuko, na mfuko ni wake mwenyewe, wenye mapato ya siku, ambao aliusahau kwenye kizingiti alipokuwa akifunga kufuli. Kijana alikuwa mtoto wa mteja wake. "Mjomba," akasema akihema, "umesahau hii."

Mwanafunzi wetu alitusimulia kwa simu, na sauti ilikuwa ikimtetemeka. Alisema: "Maalim, bastola haikutoka alani. Lakini ilibaki kidogo sana." Tukamwambia: shati uliliinua mara elfu nyumbani kwako, ndiyo maana mkono ulikwenda wenyewe, na kutazama mikono nako ulikufanyia mazoezi, ndiyo maana jicho nalo lilikwenda. Aliyejifunza kuchomoa tu angekwisha kuchomoa.

Baada ya usiku ule hakuitupa bastola, wala hakuibeba kama alivyokuwa akiibeba. Alitia taa kali nje ya duka. Fedha hupeleka benki alasiri, kukiwa bado mchana. Yeye na jirani yake hufunga maduka saa moja, wakatembea pamoja mpaka kwenye magari. Alituambia kwamba mambo hayo matatu yangemfaa tangu mwanzo, na kwamba aliyatafuta baada ya silaha badala ya kuyatafuta kabla yake. Kwa hiyo anayetuuliza leo twaanza naye hapo: taa, mwenzi, na saa ya kufunga, kisha sheria, kisha mazoezi, na bastola mwisho wa orodha, kwa atakayeona bado anaihitaji.

Mwezi uliopita alituandikia tena. Amepata mtoto wa nne, wa kike. Usingizi nyumbani ni wa vipande vipande, na kwa wiki sita hakwenda uwanjani wala hakufanya mazoezi makavu. Bastola imo kisandukuni, na funguo ameziweka mama watoto.

Wabillahi tawfiq.